Babu, Shamba na Karatasi: Uhakiki wa Wasifu wa Marehemu katika Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kushughulikia ushairi, riwaya na tamthilia. Lakini yako maandishi mengine ambayo huandikwa kila juma, husomwa mbele ya mamia ya watu, kisha hukunjwa na kutiwa ndani ya Biblia au kufungiwa sandukuni, wala hakuna mhakiki ayatazamaye. Mojawapo ni wasifu wa marehemu. Katika Bungoma na Trans Nzoia ni nadra siku hizi mzee kuzikwa pasipo karatasi hiyo kusomwa. Huandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Lubukusu. Hapa tutashughulika na ule wa Kiswahili tu.

Makala haya yana dai moja. Wasifu wa mzee mkulima, kama uandikwavyo sasa, humsifu marehemu kwa kuipenda ardhi bila kuieleza ardhi yenyewe. Na kwa kufanya hivyo humpoteza mtu yule yule uliokusudiwa kumhifadhi. Ili kulithibitisha dai hilo tutaulinganisha wasifu na kumuse, yaani hotuba ambayo Wabukusu humtolea mzee aliyeheshimika baada ya kuzikwa.

Mfano wetu wa wasifu ni mmoja, nao ni ule nilioutunga mimi mwenyewe babu yangu alipofariki miaka michache iliyopita. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, si adabu kuyakosoa hadharani maandishi ya wafiwa wengine. Pili, ninajua kilichoachwa nje ya wasifu huo, na hilo ni jambo ambalo mhakiki hulijua mara chache.

2. Mpangilio wa wasifu

Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni ng'ambo na shahada ya uzamili, kwa hiyo wazee waliona kwamba kalamu ni yangu. Niliandika kurasa mbili kwa usiku mmoja huku watu wakiimba nje. Mpangilio niliufuata bila kuulizwa wala kujiuliza: kuzaliwa, elimu, ubatizo na ndoa, kazi, watoto na wajukuu, ugonjwa, kifo, na mwisho aya ya Biblia.

Yafaa tujiulize mpangilio huu umetoka wapi. Haukutoka katika masimulizi ya Wabukusu, wala katika tenzi za pwani. Umetoka kanisani, shuleni na ofisini. Kwa hakika unafanana sana na karatasi ya kuombea kazi. Kila kifungu chake ni swali, na maswali hayo yalitungwa kwa ajili ya mtu aliyeishi kwa nyaraka. Mtu aliyeishi kwa jembe huonekana mpungufu katika kila jibu.

Mathalan, swali la kwanza ni mwaka wa kuzaliwa. Hakuna aliyeuandika. Wazee walijua rika lake la tohara, walijua ni nani waliotahiriwa pamoja naye, na walijua ni nani kati yao aliyekuwa bado hai. Hayo yote yalikuwa maarifa thabiti. Mimi niliyachukua, nikahesabu nyuma kwa vidole, nikapata mwaka, nikauandika kana kwamba umetoka katika cheti. Jambo la hakika likaachwa, kisio likatiwa mahali pake, kwa sababu karatasi ilidai tarakimu.

Swali la pili ni elimu. Niliandika kwamba marehemu "hakubahatika kusoma sana". Basi mtu aliyeweza kuuma punje ya mahindi na kusema kama gunia litakubaliwa au litarudishwa likaanikwe tena, aliingia katika wasifu wake kwa mlango wa kukosa.

Lakini kasoro kubwa imo katika kifungu cha kazi. Nanukuu: "Marehemu alikuwa mkulima hodari, mwenye bidii, aliyeipenda ardhi yake na kuwapenda wajukuu wake bila ubaguzi." Watu walitikisa vichwa kwa kukubali niliposoma maneno hayo, nami nikaridhika. Tukiyatazama leo kwa jicho la uhakiki, twaona kwamba sentensi nzima haina kitendo cha shambani hata kimoja. Ina sifa mbili na mapenzi mawili. Tukilitoa jina la babu na kulitia la mzee wa boma la pili, hakuna kitakachoharibika. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kwa utanzu huu: sentensi isiyodhurika kwa kubadilishiwa jina haijamkumbuka mtu yeyote.

Wala haiwezi kusemwa kwamba lugha ilikuwa na upungufu. Kiswahili kina kufyeka, kung'oa visiki, kutifua, kupalilia, kuvuna, kupukuchua, kuanika na kupepeta. Kila kimojawapo cha vitendo hivyo babu alikuwa na namna yake ya kukifanya. Mahindi chotara ya H611 yalipotolewa mwaka 1964, baada ya utafiti uliofanywa Kitale, yeye alikuwa miongoni mwa waliokubali kununua mbegu. Alielewa upesi sharti la mbegu hiyo: kwamba mazao yake hayafai kurudishwa ardhini kama mbegu, na hivyo mkulima hana budi kurudi dukani kila mwaka. Alinunua kila mwaka. Hata hivyo, nyuma ya jiko aliendelea kupanda mistari michache ya mahindi ya zamani, na mahindi hayo aliyaning'iniza juu ya moshi hadi msimu uliofuata. Wajukuu tulidhani ni ya kutuchomea. Nyanya yetu ndiye aliyetufahamisha kwamba ilikuwa akiba ya mwaka ambao fedha za mbegu zingekosekana. Katika jambo hilo moja mna bidii, mna hofu ya deni, mna upendo kwa watoto, na mna rai kamili ya mkulima mdogo juu ya uchumi unaomzunguka. Neno "hodari" halibebi hata sehemu ya kumi ya hayo.

3. Ardhi mbili na kimya kimoja

Ili tuelewe uzito wa kilichoachwa, hatuna budi kuikumbuka historia kwa ufupi. Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895 huko Lumboka na Chetambe, wakashindwa. Nyanda za Trans Nzoia zilitwaliwa baadaye na kugawiwa walowezi, hasa baada ya Vita Kuu ya kwanza, na reli ilifika Kitale mwaka 1926. Vijana wa Bungoma walivuka kwenda huko kufanya kazi wakiwa maskwota, kipande shingoni. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyopigwa marufuku mwaka 1948, iliunganisha ibada ya mizimu ya wazee na dai la kuondoka kwa walowezi. Hivyo swali la babu na swali la ardhi lilikuwa tayari limekwisha kuwa swali moja. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 walowezi wengi waliuza, na watu wa kawaida wakachanga fedha, wakanunua mashamba hayo kwa hisa.

Kwa hiyo familia nyingi za umri wa yetu zina "nyumbani" kuwili. Kuna Bungoma, yaliko makaburi ya baba za babu, na kuna Kitale, kulikoingia jasho na deni. Babu alikwenda Kitale akiwa kijana wa kukamua ng'ombe wa mlowezi. Miaka mingi baadaye aliingia kwa lango lile lile akiwa mwenye hisa. Kijishamba cha Bungoma, chenye kahawa chache mteremkoni kuelekea Mlima Elgon, akakiacha mikononi mwa nduguye.

Katika wasifu niliandika: "Baadaye alihamia Kitale na kununua shamba." Maneno sita tu. Hayasemi ni nani aliyenunua pamoja naye, wala mpaka ulipita wapi, wala fedha zilitoka wapi. Fedha zilitoka katika ng'ombe. Na ng'ombe hao walikuwa wa mahari ya shangazi yangu mkubwa. Ndoa ya shangazi haikudumu. Alirudi na watoto wawili, na tangu siku hiyo ndiye aliyelima upande wa chini wa shamba hadi babu alipozeeka, na baada ya hapo akalima pande zote mbili. Katika karatasi yangu alitokea mara moja, katika orodha, baada ya wana wa kiume wote, pamoja na jina la mahali alikoolewa.

Jioni ya mazishi alikuja nilipokuwa nimeketi. Alizungumza kwa sauti ya chini, kwa Lubukusu, nami naitafsiri: "Mwanangu, umesoma vizuri. Ila hukusema shamba lile lilinunuliwa kwa nini." Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Shangazi, nafasi ilikuwa ndogo."

Huenda mtu akasema kwamba hilo ni jambo la jikoni, halina mahali katika uhakiki. Lakini matini hufanya kazi duniani. Miezi michache baadaye, katika kikao cha ukoo kilichoitishwa kuzungumzia mgawanyo wa shamba, binamu yangu mmoja aliitoa ile karatasi mfukoni, akasoma orodha ya watoto kwa sauti, akasema kwamba hata wasifu uliosomwa mbele ya mchungaji na umma umeonyesha mabinti wana kwao. Maandishi niliyoyatunga kwa mapenzi yalitumika kama ushahidi, na yalitumika dhidi ya mtu aliyelilima shamba lile kuliko sisi sote. Hadi leo hati imo katika jina la babu.

4. Kumuse: namna nyingine ya kukumbuka

Asubuhi ya siku ya tatu baada ya mazishi alikuja msemaji wa kumuse. Hotuba hii haitolewi kwa kila aliyefariki. Hutolewa kwa mzee aliyestahili, na hutolewa na mtu mwenye kipawa, ambacho husemekana hurithiwa katika koo mahsusi. Katika kizazi kilichopita Manguliechi alivuma mno kwa sanaa hiyo, na hotuba zake zimerekodiwa na kuchunguzwa na wataalamu. Msemaji husimama katika uwanja wa boma, akaenda na kurudi na fimbo mkononi, na hadhira hukaa na kumsikiliza.

Msemaji wetu hakuanza na babu. Alianza mbali, kwenye chimbuko la Wabukusu, akaja katika safari zao, akamtaja Mango aliyeua nyoka na kuifungua tohara, akazipitia koo, marika na ngome za kale. Mimi, niliyezoea matini yenye mhusika mkuu, nilisubiri babu atajwe. Alipotajwa hatimaye, alitajwa kama mtu aliyefika mahali fulani akitoka mahali fulani. Hapo ndipo nilipoelewa muundo wa hotuba: marehemu si mwanzo na mwisho wa habari, bali ni kituo katika mwendo, na walioketi pale ndio wanaotarajiwa kuendelea na mwendo huo.

Tukiulinganisha utanzu huu na wasifu, tofauti tatu zinajitokeza.

Ya kwanza ni wakati. Wasifu hupima kwa mwaka. Kumuse hupima kwa rika na kizazi. Kipimo hiki cha pili humweka mtu pamoja na wenzake, wala hakihitaji kubuni tarakimu.

Ya pili ni mahali. Kumuse hujaa majina ya vilima, mito na maskani. Jambo hili halihusu Wabukusu peke yao. J. H. Kwabena Nketia, katika kitabu chake cha mwaka 1955 juu ya nyimbo za maombolezo za Waakan wa Ghana, alionyesha kwamba maskani ya marehemu na ya wahenga wake ni mojawapo ya nguzo za maudhui ya nyimbo hizo. Na tukigeukia pwani yetu, *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir huwakumbuka watu wa Pate kwa kuyatazama majumba yao yaliyobaki mahame. Basi Kiswahili kilichoandikwa kina desturi ya muda mrefu ya kumwona mtu kwa kupitia mahali pake. Ni wasifu wetu wa leo uliojitenga na desturi hiyo. Hata hivyo iko tofauti isiyofaa kusahauliwa: jumba lililoanguka hufundisha kwamba dunia ni pito, wala hakuna wa kuligombea, shamba la Kitale bado linazaa, na kila anayelitaja katika msiba amekwisha kugusa urithi.

Ya tatu ni mwelekeo wa usemi. Kiswahili hutofautisha tanzia, yaani habari ya kifo, na taazia, yaani maneno ya kuwafariji waliobaki. Wasifu husema habari za marehemu kwa nafsi ya tatu, ukawaacha waliobaki wasikilize kama wageni. Kumuse huwakabili waliobaki. Huwafariji, lakini pia huwakemea. Msemaji wetu alionya juu ya ndugu wanaopelekana mahakamani kabla nyasi hazijaota kaburini, na juu ya kuuza ardhi kipande kwa kipande. Hakuna aliyemweleza mambo ya nyumbani kwetu, lakini niliona wajomba wakitazama chini.

5. Upungufu wa kumuse

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuhitimisha kwamba tuitupe karatasi na kurudi katika uwanja wa kumuse. Uhakiki unaoitukuza fasihi simulizi kwa sababu tu ni ya kale hauisaidii. Chris Wasike, aliyezichunguza hotuba za Manguliechi, ameonyesha jinsi sanaa hii inavyofungamana na mamlaka ya wanaume. Ndivyo nilivyoiona asubuhi ile. Nasaba iliyosimuliwa ilikuwa ya mababa. Ardhi iliyosimuliwa ilikuwa ya ukoo, yaani ardhi ya namna ya Bungoma, ambayo mtu huikuta kwa kuzaliwa. Kumuse haikuwa na nafasi ya kuieleza ardhi ya Kitale, iliyonunuliwa kwa hisa pamoja na majirani wa makabila mbalimbali, mahali ambapo Wasabaoti, Wapokoti na Wasengwer nao wana kumbukumbu zao za babu. Wala haikuwa na nafasi ya kumweleza binti ambaye ng'ombe zake zilikuwa bei ya shamba, kwa kuwa kwa mantiki ya hotuba ile ng'ombe wa mahari ni wa baba, na jambo limekwisha.

Basi shangazi alisahauliwa mara mbili katika juma moja. Mimi nilimsahau kwa haraka na kwa mazoea. Kumuse ilimwacha kwa kanuni. Nao ulimwengu wa sheria umekwisha kusonga mbele. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 inawahesabu watoto wa marehemu bila kumtenga binti, na Katiba ya 2010 inataka kuondolewa kwa ubaguzi wa jinsia katika sheria, mila na desturi zihusuzo ardhi. Fasihi ya msiba, ya karatasi na ya uwanjani, imebaki nyuma.

Hapa ndipo maandishi yanapopata nafasi yake. Kumuse ina kanuni ambazo msemaji mmoja hawezi kuzibadili kwa asubuhi moja. Wasifu hauna kanuni ila mazoea, na mazoea yanaweza kubadilishwa na yeyote ashikaye kalamu, usiku ule ule.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba wasifu wa marehemu ni utanzu wenye mpangilio, lugha na athari zake, na kwamba unastahili kuhakikiwa na kufundishwa. Wanafunzi wetu wa Kiswahili wataombwa kuuandika mara nyingi zaidi kuliko watakavyoombwa kutunga shairi au riwaya. Nasi huwaacha waende bila neno. Tungeweza kuwafundisha mambo machache tu: kuandika rika badala ya kubuni mwaka, kutaja mpaka, mto na mti badala ya kusema "shamba", kutumia kitenzi kabla ya kivumishi, kuuliza gharama ya kila kilichopatikana ilikuwa nini na ni nani aliyeilipa, na kuzungumza na walioketi mbele yao kama kumuse inavyofanya.

Wala wasifu wa namna hiyo haupunguzi mapenzi. Nilimpenda babu. Ndiye aliyenifundisha kutembea nyuma ya jembe la ng'ombe bila kukanyaga mfereji uliokwisha kulimwa. Lakini mapenzi yaliyoandikwa kwa maneno ya kila mtu huishia kuwa mali ya yeyote anayeyaokota. Kama ningepewa usiku ule tena, kifungu cha shamba ningekiandika hivi:

"Kuka aliingia katika shamba hili mara ya kwanza akiwa mkamuaji ng'ombe, na mara ya pili akiwa mwenye hisa. Hisa ile ililipwa kwa ng'ombe wa mahari ya binti yake mkubwa, ambaye alirudi na kulima upande wa chini, kuanzia mti wa mvule hadi mtoni, hadi leo. Alinunua mbegu kila mwaka, na kila mwaka alining'iniza mahindi ya zamani juu ya moshi, asije mtu wa nyumba hii akalala njaa kwa kukosa fedha. Ninyi mliokula mahindi hayo mnajifahamu."

Kifungu hiki si kizuri kuliko kile cha kwanza kwa ufasaha, na hakigawi shamba. Lakini binamu yangu asingeweza kukisoma kikaoni bila kumtaja shangazi.